Anayepokea Ndiye Anayelipa

Neno la kwanza kupotea lilikuwa maziwa.

Jumanne hiyo Nyakio alirudi kutoka shule, akavua viatu mlangoni, akachukua kikombe chake na kumnyooshea mama yake bila kusema kitu. Wangeci alikuwa kwenye mashine ya kufuma. Alikuwa na oda ya sweta za shule, za kijani zenye mistari miwili ya njano, na mkono wa sweta ulikuwa umefika kwenye kiwiko. Hakutaka kupoteza hesabu ya mishono.

"Unataka nini?"

Nyakio alionyesha sufuria kwa kidole.

"Si uko na mdomo? Sema."

Mtoto alifungua mdomo, akaufunga, akajaribu tena. "Ile," alisema. "Ile nyeupe. Ya ng'ombe."

Wangeci alidhani ni utundu. Mtoto wa miaka minane, anayeongea kuanzia alfajiri mpaka alale, leo anajifanya mchanga. Alimmiminia maziwa, akamwambia akimaliza aoshe kikombe, akarudi kwenye mashine. Hakukumbuka wakati huo kwamba jana yake, saa kumi alasiri, simu yake ya kazi ililia akiwa na uzi mikononi, na ni yeye mwenyewe aliyesema: Nyakio, pokea, mwambie nitampigia. Mtoto alisema hello mara mbili, akanyamaza akisikiliza, kisha akaweka simu chini.

"Ni nani?"

"Hakuna mtu, Mama. Ni kupumua tu."

Jumatano simu ililia tena saa kumi, na kabla Wangeci hajanyanyuka Nyakio alikuwa ameshaipokea. Siku hiyo lilipotea neno kiatu. Alhamisi likapotea dirisha. Ijumaa asubuhi, kabla ya shule, watoto wa ploti, wa vyumba vile vya kupanga, walikuwa wakiruka kamba uani na kuhesabu, na Nyakio alipofika sita akaenda nane. Wenzake walimcheka, wakamrudisha mwanzo. Alihesabu tena, na pale kwenye saba alisimama na mguu mmoja hewani, macho yamemtoka, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Hapo Wangeci aliacha kudhani ni utundu.

Siku hiyo hiyo alimpeleka kwa daktari. Daktari aliangalia koo, akaangalia masikio, akampigia makofi nyuma ya kichwa kuona kama anasikia, akasema mtoto yuko sawa, labda ameogopa kitu shuleni. Wangeci alirudi nyumbani na hasira ambayo haikuwa na mtu wa kuwekewa. Walikuwa wakiishi vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mwenye ploti, hapo mtaa wa West Indies, Eldoret, na mumewe Muigai alikuwa nyumbani kutwa tangu kiwanda kilipopunguza wafanyakazi. Alimwambia Muigai azime ile simu. Muigai aliizima.

Saa kumi ikalia.

Wangeci aliifungua mgongo, akatoa betri, akatoa laini, akaviweka vyote mezani kimoja kimoja kama samaki aliyepasuliwa. Simu ilinyamaza. Kisha akasikia nyuma yake sauti ndogo ikisema, "Hello?" Nyakio alikuwa amesimama mbele ya ukuta, kichwa kimeinama upande, akisikiliza. Na kwenye ukuta ule mtupu, uliopakwa rangi mwaka jana tu, ilitoka harufu ambayo Wangeci aliijua kwa kuuguza wagonjwa, harufu ya kinywa cha mtu aliyekaa siku nyingi bila kula.

Kwenye nyumba ya tatu ya mtaa huo aliishi Mama Leonida. Alikuwa mjane, mtu wa kanisa la wale wanaovaa kanzu nyeupe, na watu walimjua kwa kutoa mapepo. Zamani, kabla ya kustaafu, alikuwa opereta wa simu, wale waliokaa mbele ya bodi ya mataa na kuunganisha waya kwa mkono. Alikuja Jumamosi asubuhi na kiti chake mwenyewe, kwa sababu alisema makochi ya siku hizi yanameza mtu. Hakuomba kwanza. Alimwita Nyakio, akamwambia fungua mdomo, akamnusa.

"Huyu hajarogwa," alisema. "Huyu anatozwa."

"Anatozwa nini?"

"Bei ya simu."

Wangeci alimkodolea macho.

"Usinitazame hivyo, Mama Nyakio. Sikiza. Wakati wetu mtu angeweza kupiga simu bila shilingi. Anakuja posta anasema, nipigie mjomba wangu Nairobi, yeye ndiye atalipa. Mimi namuuliza mjomba, unakubali kulipa? Akikubali, bili ni yake. Akikataa, narudisha simu kwa aliyepiga, alipe mwenyewe ama aende nyumbani." Alishusha sauti. "Lakini kwa ile bodi kulikuwa na taa moja, chini kabisa mkono wa kushoto, haikuwa na waya nyuma. Hiyo ikiwaka, hatukugusa. Msichana mmoja mgeni akaigusa. Akasema hello. Mpaka leo anaishi, ako na watoto watano, na hajui jina la hata mmoja."

Nyakio alikuwa akicheza na rozari ya yule mama. Hakuna aliyemzuia.

"Kuna mtu wa nyumba hii aliulizwa kama atalipa," Leonida alisema. "Akakubali. Mtoto alipokea tu. Ni nani alikubali?"

Wangeci hakuhitaji kuuliza. Muigai alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, akichunguza soli ya kiatu chake.

"Baba Nyakio."

"Ilikuwa kazi," Muigai alisema.

"Kazi gani?"

"Ya Ephantus."

Ephantus alikuwa kaka yake mkubwa. Alikuwa na ofisi katikati ya mji, ghorofa ya tatu, huduma ya kupiga simu kwa mtandao. Vijana wa Eldoret walioko Amerika na Ulaya walipigia namba yake, naye akazihamisha simu hizo hadi kwa wazazi wao huku, kwenye simu za kawaida. Huduma nyingine za namna hiyo zilikuwa zimefunguliwa mjini na kufungwa kabla ya Krismasi, na sababu ilikuwa moja. Mpigaji hulipa kidogo mpaka kwenye mtandao, lakini kutoka kwenye mtandao hadi simu ya mama yake huko Kapseret, safari hiyo ya pili inalipiwa na aliyehamisha. Inamla kila dakika. Ephantus peke yake ndiye ambaye haikumla. Kwa mwaka mmoja alinunua shamba na gari, na watu kanisani wakasema mtu huyo ana akili.

"Aliniambia atanihamishia simu za wateja," Muigai aliendelea. "Saa kumi, moja tu kwa siku. Napokea, nasikiza, basi. Laini yako iko kwa kitambulisho changu, unakumbuka wakati ulipoteza chako. Kukaja ujumbe na namba za kuthibitisha. Nikamsomea."

"Ujumbe ulisema nini?"

"Ulisema thibitisha kwamba anayepokea atagharamia."

"Atagharamia nini?"

"Sikuuliza."

"Na uliposikia simu inalia saa kumi, mbona hukupokea wewe?"

Muigai alisugua soli. "Nilipokea ile ya kwanza kabisa. Nikasikia vile inapumua kabla sijasema hello. Nikaogopa."

"Ukaiacha mezani."

Muigai aliendelea kusugua soli.

"Ukaiacha mezani," Wangeci alirudia, polepole, "na mtoto anakuja nyumbani saa kumi kasorobo."

Leonida alisema wajaribu kukataa, kwa sababu ni haki ya anayepokea. Saa kumi ilipokaribia walirudisha betri na laini, wakaketi wanne kuizunguka meza kama watu wanaosubiri chakula. Jua lilikuwa kali uani, nguo za jirani zilipepea kwenye kamba, mtu fulani alikuwa akisafisha karai. Simu ililia. Wangeci alishika mikono ya Nyakio kwa mkono mmoja na kwa mwingine akapokea.

"Sikubali," alisema.

Mwanzoni kulikuwa na pumzi tu, ndefu, yenye mate, na ile harufu ikimiminika kutoka kwenye vitundu vya simu mpaka macho yakamwasha. Kisha pumzi ikajikusanya na kuwa sauti, na sauti ikawa ya Nyakio, ya Nyakio wa wiki iliyopita aliyekuwa na maneno yote, ikasema maziwa, ikasema dirisha, ikasema saba, saba, saba, kwa raha, kama mtu anayelamba vidole, na Nyakio mwenyewe akiwa pale chini ya kiganja chake akageuza kichwa kuyasikiliza maneno hayo kama majina ya watu asiowajua.

"Mwenye laini alikubali," ilisema.

"Mwenye laini anakataa. Muigai, kataa."

"Sikubali," Muigai alinong'ona.

"Sawa," ilisema ile sauti ya mtoto, kwa adabu. "Basi ni nani? Simu haining'inii hewani. Mtu lazima aseme ndiyo."

Wangeci alishusha simu sikioni. Alimtazama mumewe. Alimpa nafasi. Alisikia karai uani likisuguliwa, mara kumi, mara kumi na tano, na Muigai akatazama sakafu, akaendelea kuitazama, na hata midomo yake haikutikisika. Jambo hilo Wangeci alilipokea lilivyo na kuliweka ndani, kama mtu anavyoweka kisu kabatini.

"Kesho kutwa," aliiambia simu. "Jumatatu, saa kumi. Nitakupa mtu."

"Na ya leo?" ilisema, kisha ikakata.

Muigai alipiga magoti mbele ya mtoto. "Nyakio. Nyakio, mimi nani?"

Nyakio alimtazama usoni. Alifungua mdomo, hakukuwa na kitu. Kesho yake, Jumapili yote, alimpita kama anavyopita kabati, na ile simu ya saa kumi ilichukua kwa mkupuo majina ya wenzake wote wa ploti na karibu kila neno alilokuwa amebaki nalo.

"Inaacha majina ya watu wa karibu mwisho," Leonida alimwambia Wangeci mlangoni. "Amebaki na wewe. Huyo mtu unampeleka Jumatatu, hakikisha amekubali kwa mdomo wake. Na mtoto uwe naye. Laini sasa iko ndani yake."

Jumatatu Wangeci hakumpeleka Nyakio shule; alasiri walipanda ngazi za jengo la Ephantus hadi ghorofa ya tatu. Ofisini kulikuwa na vijana kumi na wawili wenye hedifoni, kila mmoja mbele ya kompyuta, na karibu na mlango msichana anayeitwa Brenda aliyekuwa akipokea wageni. Muigai alikuwa amewafuata kutoka nyumbani bila kuitwa. Alibaki chini, kwenye lango la jengo.

Ephantus alitoka chumba cha ndani, suti ya kijivu, kucha safi. "Mama Nyakio. Karibu. Mbona hukupiga simu kwanza?"

"Nimekuja nayo," Wangeci alisema, akaiweka mezani.

Uso wake ulibadilika kidogo tu. "Brenda, letea shemeji ile... ile baridi. Ya chupa."

"Soda," alisema Brenda, kama mtu aliyezoea.

Wangeci alielewa. "Uliipa simu hiyo maneno mangapi kabla ya kutuhamishia sisi?"

Ephantus alimshika kiwiko, akamsogeza kando, akaongea chini chini. "Hujui vile ni. Niliamka siku moja, niko ndani ya kitu, nimefunikwa, sijui kinaitwaje. Kitanda. Nilijifunza tena kama mtoto. Kitanda. Ningeendelea ningekuwa mjinga."

"Ungefunga biashara."

"Watu thelathini elfu wanaongea na wazazi wao kwa sababu yangu. Unajua kuhamisha simu kunagharimu nini? Huyu anayepumua anazibeba zote bure. Zote. Anataka neno moja tu kwa siku."

"La mtoto wangu."

"Nilihamisha kwa Muigai. Mtu mzima."

"Ulijua kuna mtoto nyumbani."

Ephantus alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa imebaki dakika moja ifike saa kumi. "Watoto wako na maneno mengi," alisema. "Wanajifunza mengine. Hawasikii uchungu kama sisi."

Wangeci alikuwa amefikiria njiani kwamba atampiga. Sasa aliona kwamba kumpiga kungekuwa kumsaidia. Aligeuka akatembea hadi katikati ya chumba, Nyakio mkononi, akasimama kati ya meza.

"Nyinyi," alisema. Hakupaza sauti. "Toeni hizo vitu masikioni mnisikize."

Simu ilianza kulia mezani kwa Brenda. Harufu ikaja pamoja nayo, na kijana aliyekuwa karibu akaziba pua.

"Brenda," Ephantus alisema haraka, "hiyo ya shemeji, pokea."

Msichana alinyoosha mkono kwa mazoea ya kazi. Wangeci aliupiga ule mkono, ukarudi nyuma.

"Hiyo simu mwenye kusema hello ndiye analipa. Inachukua maneno. Huyu ni binti yangu, muulizeni jina la baba yake." Hakuna aliyeuliza. Walikuwa wakimtazama Nyakio, mdomo wake uliokuwa umeanza kufunguka wenyewe. "Mdosi wenu alipokea mpaka akachoka, akahamishia sisi. Sisi tumekataa. Muulizeni sasa atamhamishia nani."

Walimtazama Ephantus. Ephantus aliwatazama mmoja mmoja, na macho yake yalikuwa ya mtu anayechagua kuku.

Kijana wa kwanza alivua hedifoni, akaiweka chini kwa uangalifu. "Wee. Mimi nimetoka," alisema. Wa pili alichukua koti. Brenda alichukua mkoba na kikombe chake cha chai. Ephantus alisema kuna mshahara, alisema ataongeza, alisema waketi, na simu za meza zote zikaanza kulia kwa pamoja, kumi na mbili na ile ya Wangeci, lakini viti vilikuwa vinasukumwa nyuma na viatu vilikuwa vinashuka ngazi, na kila kijana alipotoka kompyuta yake ilizimika nyuma yake, moja, nyingine, nyingine, kutoka mlangoni kuelekea dirishani, mpaka kukabaki shemeji wawili na mtoto katika chumba kinachonuka njaa.

"He—" alisema Nyakio.

Wangeci alimziba mdomo kwa kiganja. Alihisi meno yakimuuma, alihisi ile sauti ikisukuma kutoka ndani kama mtu anayesukuma mlango kwa bega, akazidi kubana, akamkandamiza mtoto tumboni mwake, machozi ya Nyakio yakimlowesha vidole na damu yake mwenyewe ikifuata, na akamkazia Ephantus macho juu ya kichwa cha mtoto, kwa sababu mtu huyu hakuweza kusukumwa na maneno.

Iliyobaki ni kompyuta moja, ile kubwa iliyoonekana kupitia mlango wa chumba cha ndani. Kioo chake kilififia, kikarudi, kikafifia. Ephantus aliiona. Yote aliyokuwa nayo yalipita ndani ya kioo kile, shamba, gari, kiti cha mbele kanisani. Kilipofifia mara ya tatu alipiga hatua mbili, akanyakua simu mezani.

"Hello," alisema. "Ndiyo. Ni mimi. Nakubali."

Simu zote zilinyamaza. Chini ya kiganja cha Wangeci mdomo wa Nyakio ulilegea.

Hakungoja kuona. Alimbeba mtoto aliyekuwa mkubwa mno kubebwa, akashuka naye. Ngazi ya kwanza alimsikia Ephantus juu akiongea vizuri kabisa, sentensi ndefu, kama anayejitetea mbele ya benki. Ngazi ya pili sentensi zilikuwa zimefupika. Kufika chini alisikia "ile... ile... ile," halafu ikawa sauti tu, bila herufi ndani yake. Siku hiyo haikutaka neno moja. Ilikuwa imedai maneno ya wiki nzima.

"Sema kitu," alimwambia Nyakio.

Mtoto alifikiri. "Mama."

"Lingine."

Nyakio alitikisa kichwa.

"Sawa," Wangeci alisema, akamteremsha, akajifuta damu kwenye sketi.

Langoni Muigai alikuja mbio kuwapokea. Aliuliza kama imekwisha, akauliza kama kaka yake amekubali, akainama na kufungua mikono. Nyakio alisimama. Alimtazama kwa makini mtu huyu mwenye mikono wazi, kisha akamvuta mama yake sketi, akamnyooshea yule mtu kidole, akangoja apewe neno lake, jinsi atakavyopaswa kupewa kila neno kuanzia siku hiyo.

Wangeci alikishusha kile kidole.

"Huyo bado," alimwambia mtoto. "Tutaanza na vitu vya nyumbani."